Sare Uliyoijua Wewe

Ujiji, Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Idrisa,

Umetoka sasa hivi kwenda Rusimbi kumuaga mjomba, na Bibi amekwenda kutafuta kufuli la sanduku lako. Nyumba iko kimya. Nimekaa juu ya sanduku lenyewe, daftari liko magotini, naandika haraka kabla hamjarudi. Mambo ya chandarua, ndoo, sabuni, na nani usimwazime kijiko chako, Bibi ameshakwambia mara tatu, na kesho stesheni atakwambia mara ya nne. Mimi hapo sina la kuongeza.

Nimeandika neno "mwanangu" halafu nikalitazama muda mrefu. Si lile la vijana wa stendi, "oya mwanangu, vipi". Ni lile lingine, ambalo sijalitamka kwako kwa miaka miwili. Nimekuzidi miaka sita tu. Wenzako shuleni walikuwa wanakuuliza, "Huyu dada wa yunifomu ndiye mama yako?" na wewe ulikuwa unawajibu huku umetoa kifua, "Mama mdogo ni mama. Kwani kwenu vipi?" Hadija, aliyekuzaa, alikuwa dada yangu wa tumbo moja. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Hakuna anayekuuliza kama uko tayari.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa na mitatu, tena mzito kama gunia la mihogo. Tulitoka kumzika Hadija kule Mwamgongo, alikoolewa, na kwenye boti ya kurudi Bibi alichukua khanga ya marehemu akakufunga mgongoni kwangu. Akaniambia, "Kuanzia leo huyu ni mwana wako." Basi. Hakuna sherehe, hakuna swali. Ulilia njia nzima, ukiuliza mama anakuja lini. Watu wazima kwenye boti walitazama maji. Mimi nikakwambia jambo la kwanza lililonijia kinywani: "Mimi nipo. Mimi siondoki." Ulinyamaza. Nikafikiri nimejua kulea.

Nataka kukuandikia juu ya ile siku ya chesi. Hatujawahi kuizungumza, isipokuwa juzi, maneno machache, tukikunja nguo zako. Sitaki uende nayo Tabora ikiwa nusu nusu.

Unajua mimi sikuanza na chesi. Nilianza na drafti, pale kwa mjomba Rama, mbele ya banda lake la kutengeneza baiskeli. Bibi alikuwa ananituma nimpelekee chakula cha mchana, nasubiri vyombo, na kwa kuwa sikujua kuzungumza na watu nilitazama ubao. Vizibo vya soda, vya upande mmoja vimelala, vya upande wa pili vimefunuliwa. Mjomba hakuwa mtu wa kukimbilia kula kete. Alikuwa anakuzibia njia moja baada ya nyingine mpaka unakuta umesimama katikati ya ubao na kete zako zote hazina kazi. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mzee Saidi wa mkaa.

"Rama, unacheza au unachimba kaburi?"

"Sogea basi."

"Nisogee wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Watu wanaangua kicheko, Mzee Saidi ananyanyuka, anampisha mwingine kwenye benchi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na sikuwahi kufikiri ni ya drafti peke yake. Niliichukua kama sheria ya dunia: asiye na pa kwenda ameshindwa, anyanyuke, ampishe mwenzake.

Edina alikuja nilipokuwa kidato cha tatu. Baba yake ni mtumishi wa serikali, walihamishiwa hapa kutoka Moshi, na darasani alikaa dawati langu kwa sababu ndilo lililokuwa na nafasi. Wasichana wengi hawakupenda kukaa na mimi. Hawakunichukia, walisema tu nikikaa nao ni kama wamekaa na ukuta. Edina hakujali. Alikuwa anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Siku ya pili akaja na boksi la chesi, farasi mmoja mweusi hayupo, badala yake kuna kizibo. Nilipokiona kile kizibo nilijisikia nyumbani.

Alinifundisha jioni hapa uani, wewe umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa unachungulia. "Zu, malkia si wa kukaa jikoni, mtoe nje!" "Zu, huyo farasi anaruka, hatambai!" Alikuwa ananicheka, lakini kwa namna ambayo mtu unataka kuchekwa tena. Sijawahi kuwa na rafiki kabla yake, mwanangu. Nakuambia hivi ili ujue nilikuwa nimeweka nini mezani.

Akaniazima kitabu chake kidogo cha sheria, cha Kiingereza. Nilikaa nacho wiki tatu chini ya mto. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza, na mimi nikajifunza kunyamaza kwa lugha zote mbili. Kusoma nasoma. Lakini katikati ya kile kitabu palikuwa na ukurasa wenye picha ya mfalme kwenye pembe ya ubao, na juu yake neno moja ambalo sikulijua. Ningeweza kumuuliza Edina. Ningeweza kumuuliza mwalimu. Nilifikiria nitakavyolitamka, na watakavyocheka, nikafunua ukurasa unaofuata.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na liko kabla ya kosa la mtu mwingine yeyote. Nimeliweka mwanzoni makusudi, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nalisimulia mwishoni, au silisimulii kabisa.

Halafu tukiwa kidato cha nne ikaja ile habari ya shule ya Mwanza. Walitaka msichana mmoja anayejua chesi, wamchukue kidato cha tano na cha sita, asome bure. Mwalimu wao angekuja kuwatazama wasichana wanne, kila mmoja acheze na kila mmoja, siku moja, kwenye bwalo la shule yetu. Mimi na Edina tulikuwa wawili kati ya hao wanne. Tulishikana mikono tukarukaruka kama watoto. "Yeyote atakayepata," Edina akasema, "mwingine asinune." Nikasema, "Sinuni."

Hapa kuna jambo ambalo wewe unalijua na mimi nilikuwa nadhani hulijui. Sikukwambia. Nilimwambia Bibi, nikamwomba afiche. "Atalia," nilimwambia. "Tutamwambia nikishapata." Karatasi za Mwanza nilizilaza chini ya godoro, upande wangu. Kwako nilisema ni mashindano tu, ya kupata daftari na kalamu. Ukafurahi kwa ajili yangu. Ukaniomba kalamu moja iwe yako.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa napika, wewe unanipepelea mkaa. Kichwa changu kilikuwa kimejaa ubao. Nikakuuliza, kama mtu anavyojiuliza mwenyewe kwa sauti, "Nikimbana mfalme wake kabisa, asiwe na pa kusogea, nimeshinda. Si ndiyo?"

Uliacha kupepea. Nakumbuka, kwa sababu moshi ulinigeukia usoni.

"Ndiyo, mamdogo," ukasema. Kisha ukaendelea kupepea.

Siku yenyewe nilimfunga msichana wa kwanza na wa pili. Edina naye akawafunga hao hao, lakini mimi mmoja nilimaliza naye kwa sare ya kukubaliana, maana nilichoka na kuogopa. Yaani ushindi mmoja wangu na sare moja, Edina ushindi mara mbili. Usinisahihishe hesabu, najua nimesema nilimfunga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawasimulia watu, na mkono umezoea. Ukweli ni huo wa pili. Ushindi ni pointi moja, sare ni nusu. Edina alinizidi nusu. Mchezo wa mwisho ulikuwa wetu sisi wawili: mimi lazima nishinde, yeye sare inamtosha.

Kabla hatujaanza, yule mwalimu wa Mwanza, mama mrefu wa miwani, aliuliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye swali juu ya sheria. Bwalo lilikuwa limejaa. Ule ukurasa wenye picha ya pembe ulinijia. Niliunda sentensi kichwani, nikaivunja, nikaiunda tena. Nilipokuwa tayari mwalimu alikuwa ameshabonyeza saa yake.

Sijawahi kucheza vile, wala sijacheza vile tena. Nilimlia ngome mapema. Nilimla malkia wake, naye akamla wangu, halafu askari wangu mmoja akafika mwisho wa ubao nikapata malkia mwingine. Edina akabaki na mfalme peke yake. Mimi nina mfalme, malkia na askari wawili. Kila tulipofika hapo kule uani kwetu, Edina alikuwa anamwangusha mfalme wake kwa kidole na kusema, "Haya, chukua." Siku ile hakumwangusha. Akaanza kumkimbiza kuelekea pembeni. Nilifikiri ni ubishi. Nikamfuata, nafunga njia moja, nafunga ya pili, kama mjomba. Mfalme wake akaingia kwenye pembe. Nikamleta malkia wangu karibu, mahali ambapo kama angekuwa farasi basi mruko mmoja ungemfikia mfalme. Nikahesabu. Mbele, hawezi. Pembeni, hawezi. Mshazari, hawezi.

Nikasema, kwa sauti kubwa, mimi Zuhura ambaye hata jina langu nalitamka kwa kunong'ona: "Sogea basi!"

Edina akanitazama. Hakucheka. "Nisogee wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe!"

Akanyoosha mkono juu. "Mwalimu. Sare."

"Sare ya nini? Amefungwa huyu! Hana pa kwenda!"

Yule mama akaja, akainama, akatazama ubao muda kidogo. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama unavyomwambia mtu habari ya msiba, "Hana pa kwenda, ni kweli. Lakini hajashambuliwa, na zamu ni yake. Hiyo ni sare, binti. Pole."

"Hakuna sheria kama hiyo!"

"Ipo, Zu," Edina akasema. "Hata Idrisa anaijua. Nilimfundisha mwenyewe. Muulize."

Bwalo zima likageuka kukutazama. Ulikuwa umekaa juu ya dawati la mwisho, miguu haifiki chini. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Uliangalia ndala zako.

Nilijua baadaye ilivyokuwa, kupitia Bibi. Siku moja nikiwa ndani naswali, ulicheza na Edina, ukambana mfalme wake kwenye pembe vile vile, ukashangilia, naye akakwambia hujashinda, hiyo ni sare. Akakuuliza, "Mamdogo wako anaijua hii?" Ukasema hapana. Akasema, "Basi tumwache. Tutamwambia siku nyingine." Siku nyingine haikufika. Alikuwa nayo mfukoni, anasubiri aitumie.

Edina sijamsamehe. Nakwambia wazi, maana wakubwa wanapenda kuandika barua wakiwa wamesamehe kila mtu. Alinitumia ujumbe sikukuu ya kwanza kutoka Mwanza, "Zu, bado umenuna?" na mimi niliusoma, nikazima simu. Hakuvunja sheria yoyote. Kama angevunja ningempenda kidogo, ningekuwa na cha kumsamehe. Ni kwamba alikaa uani kwetu, akala ugali wetu na migebuka, samaki wa Bibi, akiwa anajua kuna shimo mbele yangu, akaniacha niendelee kutembea huku ananisifia mwendo.

Lakini Edina niliweza kumwekea jina. Wewe sikuweza. Usiku na mchana nilijiuliza: huyu niliyembeba, aliyenitazama machoni kupitia moshi, alisema "ndiyo" kwa kinywa gani?

Sasa nikwambie nilichokifanya, maana wewe ulikuwepo lakini hukujua ndani yangu kulikuwa na nini.

Nilitoka bwaloni bila kuaga. Ukanifuata. Nilikuwa nakwenda mbio kwenye ile barabara ya kuteremka, na wewe unakimbia nyuma, ndala zinapiga. "Mamdogo, nisubiri. Mamdogo." Nikageuka. Nilikuwa natafuta kitu cha kukupiga nacho na sikuwa na fimbo. Nikakwambia, "Usiniite hivyo. Mimi si mama yako. Mama yako alikufa."

Ndala zilinyamaza. Sikugeuka tena. Nilitembea mpaka Ujiji, na sikugeuka.

Nilifikiri umekwenda kwa mjomba. Bibi ndiye aliyekukuta, ufukweni Kibirizi, kwenye boti za Mwamgongo, umekaa juu ya magunia ya unga kati ya abiria. Alikuwa anamalizia kuanua dagaa akasikia mwenye boti anacheka, "Bibi, mjukuu wako msafiri, nauli hana. Nimemuuliza anakwenda kwa nani, anasema kwa mama yake. Nikasema basi akae, mama atalipa kule." Yule baba hakujua. Alidhani mama yuko ufukweni anasubiri.

Bibi alikuleta amekushika mkono, miguu yako imejaa mchanga. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Aliniambia tu, kwa Kiha, kama anavyosema akichoka sana, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "huyu alikuwa anakwenda makaburini." Akaingia ndani kukuogesha.

Nami nikafanya nini? Hakuna. Hapo ndipo pabaya zaidi, kuliko barabarani. Barabarani nilikuwa na hasira, na hasira ina mwisho wake. Lakini asubuhi iliyofuata uliamka ukasema, "Shikamoo, dada." Dada. Nilisikia. Nikaitikia, "Marahaba." Ningeweza kusema neno moja tu na ungerudi, nilikuona umesimama mlangoni unalisubiri. Nikakutengea chai. Nilikuwa bado nahesabu nani amenikosea, na kwenye hesabu yangu wewe ulikuwa wa kwanza. Ukasimama siku hiyo, ukasimama na ya pili, ya tatu ukaacha kusubiri, na baada ya wiki mbili ikawa kawaida. Watu wakija wanasema, "Mmeelewana, mtu na dada yake." Nikawaacha waseme.

Nimejifunza hivyo, Idrisa: neno baya linachukua sekunde, lakini linalolifanya kuwa kweli ni chai unayoendelea kutenga kila asubuhi kana kwamba hukulisema.

Juzi ndiyo nikapata ujasiri. Mashati yako yalikuwa yananipa kitu cha kutazama. Nikakuuliza, "Ile jioni nilipokuuliza kuhusu mfalme. Kwa nini ulisema ndiyo?"

Ulikunja shati lile lile mara mbili. Sauti yako imeanza kuvunjika, sijaizoea bado.

"Edina aliniambia ukishinda unakwenda Mwanza. Miaka miwili."

"Ungeniuliza mimi."

"Wewe ungeniambia?"

Nikachukua shati jingine.

"Nilitafuta chini ya godoro," ukasema. "Nilizikuta karatasi. Ulisema ni mashindano ya kalamu."

Ukabeba ndoo ukaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji, pipa lilikuwa limejaa.

Nimekaa na hayo maneno siku mbili. Miaka miwili nimejiona mimi ndiye niliyesalitiwa, na nilisalitiwa kweli, silifuti hilo. Nikiona mtu anapanga kete bado nabadili njia. Lakini wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtu aliyekuahidi ndani ya boti kwamba haondoki alikuwa anaondoka, amekubaliana na Bibi, amekuficha hilo, na amekwambia ni mashindano ya kalamu. Uliona njia moja tu ya kunizuia, ukaifunga. Ulichonifanyia mimi kwa neno moja, mimi nilikuwa nimeshakufanyia kwa karatasi nzima.

Sitaki useme tumetoshana. Hivi vitu havitoshani. Uliponidanganya nilipoteza shule ya Mwanza. Hiyo nimeipoteza, nasoma hapa hapa mjini, na kidato cha sita nitakimaliza vilevile. Nilipokukana wewe ulipoteza kitu ambacho hakina mtihani wa marudio. Na ulikuwa umeshakipoteza mara moja.

Kama nilikuwa mama, basi mama alipaswa kufanya nini? Nadhani alipaswa kukuonyesha zile karatasi siku ya kwanza, akuache ulie, alie na wewe, halafu aende au asiende. Niliogopa machozi yako kuliko nilivyokuheshimu. Ndiyo maana kesho sitafanya kama sioni unaondoka. Utalia kama unataka kulia. Mimi nitalia, nakutahadharisha, na utaaibika mbele ya wenzako, pole.

Huko uendako utakutana na watu kama Edina, wachangamfu, watakaokupenda kweli na kukuficha jambo moja. Sijui nikwambie uwafanyeje. Mimi mwenyewe sijui. Najua tu kwamba pale ambapo ukurasa una neno usilolijua, ndipo pa kusimama na kunyoosha mkono, hata wakicheka. Na ukiwa wewe ndiye unayejua, na mwenzako anakuuliza kupitia moshi, mwambie. Hata kama jibu litamchukua mbali nawe. Nimekuwa pande zote mbili za moshi huo, na hakuna upande ulio mzuri.

Namsikia Bibi uani anabishana na mwenye kufuli, inaonekana amemleta mpaka nyumbani ili aonyeshe linavyofunga. Namalizia.

Fomu yako ya kujiunga iko kwenye bahasha ya kaki, juu kabisa ya nguo. Bibi aliniachia niijaze yote, nami nimeijaza kwa wino: jina lako, dini, kijiji alikozaliwa marehemu baba yako, chanjo. Mstari mmoja tu nimeuandika kwa penseli, ule wa jina la mzazi au mlezi. Nimeandika jina langu. Ndani ya bahasha nimekuwekea kalamu na kifutio. Jina la Bibi unajua linavyoandikwa, na ni jina zuri, hakuna mwalimu atakayelikataa. Safari ni ndefu, treni ikishapita Uvinza watu husinzia, hakuna atakayekutazama. Koleza au futa. Sitakuuliza ulifanya lipi.

Zuhura